Sura ya Sita: Gari Linunuliwalo kwa Mshabiki

Mtu anunuaye gari lililokwisha tumika hukutana aghalabu na mfanyabiashara, ambaye gari kwake ni bidhaa, hana haja ya kulipenda wala kulichukia maadamu limo katika hesabu ya faida yake. Au hukutana na mwenye gari wa kawaida, aliyelitumia kwa kwenda kazini na kurudi, akalichoka, na sasa anataka liondoke uani kwake kabla ya mwisho wa mwezi. Yuko muuzaji mwingine, naye ndiye tutakayemzungumzia katika sura hii, kwa kuwa kununua kwake kuna adabu na raha na hatari ambazo hazimo katika biashara ya wale wawili. Huyo ni mshabiki: mtu aliyelijua gari lake kwa jina na kwa sifa kabla hajaliona kwa macho, akalitafuta kwa muda, akalitunza kwa mahaba ambayo jamaa zake waliyahesabu kuwa ni wazimu usiodhuru, na ambaye, siku anapolazimika kuliuza kwa sababu mtoto amezaliwa au nyumba mpya haina banda, huliuza kwa moyo mzito na hataki kulitoa kwa mtu yeyote tu, hata kama fedha za mtu huyo ni taslimu na halali.

Ili maneno yasitangetange, nachagua gari moja na nchi moja. Gari ni Fiat Barchetta, gari dogo la spoti la watu wawili, la wazi, lililoundwa Italia kuanzia mwaka 1995 hadi mwaka 2005. Na nchi ni Uingereza, ambako barabara hufuatwa kwa upande wa kushoto na dereva huketi kulia. Fiat haikutoa kiwandani hata Barchetta moja yenye usukani wa kulia. Waingereza waliuziwa gari lile lile waliloendesha Wataliani na Wajerumani, na aliyelitaka alilichukua kama lilivyo. Tena hawakukosa njia nyingine, kwani mwaka ule ule wa 1995 ilitoka MGF ya Kiingereza, na Mazda walikuwa wakiuza MX-5 tangu 1989, nayo yote mawili yalipatikana na usukani upande ule Mwingereza auzoeao. Hivyo kila aliyechukua Barchetta alijua vyema alichokuwa akikikataa. Hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Usukani wa kushoto uliwachuja wanunuzi tangu siku ya kwanza: aliyetaka tu kupunga upepo wa kiangazi alikwenda kwingine, na aliyebaki alikuwa aghalabu mshabiki, naye akamwuzia mshabiki, na huyo mshabiki wa pili ndiye utakayemkuta leo mlangoni, funguo mkononi.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asidhani kwamba mambo haya ni mageni kwa wasemaji wa Kiswahili. Burundi hufuata upande wa kulia wa barabara, ilhali magari mengi ya Bujumbura yana usukani wa kulia, kwa kuwa yametoka Japani na bei yake ilikuwa nafuu; na dereva wa lori anayevuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda hubadili upande wa barabara bila ya kubadili upande wa kiti. Hao wamelazimishwa na riziki. Mshabiki wa Barchetta amejilazimisha mwenyewe. Wala mtu asijipe matumaini ya kulishusha gari hilo Kilindini, kwani Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto ila liwe la kazi maalumu, wala haipokei gari lililopita umri wa miaka 8, na Barchetta iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya maradufu ya umri huo.

Umbo lake lilichorwa katika idara ya usanifu ya Fiat yenyewe, na jina linalotajwa kwanza katika kazi hiyo ni la Andreas Zapatinas, Mgiriki. Chini mna chasisi iliyotokana na ya Fiat Punto, na mbele mna injini ya silinda nne, ya sentimita za ujazo 1,747, yenye nguvu za farasi 130 hivi, inayozungusha magurudumu ya mbele. Bodi ziliungwa na kampuni ya Maggiora katika kiwanda cha Chivasso, karibu na Torino, ambacho zamani kilikuwa cha Lancia. Maggiora ilipofilisika kazi ikasimama mwaka 2002, kisha Fiat ikaianzisha tena kiwandani kwake Mirafiori kwa muda mfupi. Jumla yalitoka magari zaidi ya 57,000. Uzito wake ni kilo 1,060 hivi na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 200 kwa saa, na nakiri kwamba magari mengi ya siku hizi ya kupeleka watoto shule yana nguvu kulishinda. Uzuri wake umo katika mambo madogo. Kitasa cha mlango, kwa mfano, kimelala sawa na bati, hata mtu asiyelijua gari huzunguka akitafuta pa kushika. Ukibonyeza kitufe, ulimi wa kitasa huchomoza wenyewe ukakupa mkono. Mnunuzi na akibonyeze mara kadhaa, hasa kile cha kushoto, ambacho kwa gari hili ndicho cha dereva na ndicho kilichofanya kazi maisha yake yote. Kikisita, au kikichomoza nusu, amekwisha pata habari moja ya kweli kabla hata mazungumzo hayajaanza.

Kabla ya kufikia gari lenyewe, ajiulize kwa insafu kama ataweza kuishi na usukani huo. Dereva wa usukani wa kushoto katika barabara ya kushoto huketi ukingoni, na faida yake ni kubwa kuliko wanavyosema wasioijaribu: katika njia nyembamba za Devon na Cornwall, ambako kuta za mawe zimefunikwa na majani na gari mbili hupishana kwa kusitiriana, yeye huona waziwazi ni inchi ngapi zimebaki kati ya tairi lake na ukuta, ilhali mwenziwe wa kulia hubahatisha. Adha yake ni pale anapotaka kulipita lori. Haoni mbele mpaka awe amekwisha toa pua ya gari katika njia ya wajao, na wakati huo ni kuchelewa. Wenye uzoefu hujiweka mbali nyuma ya lori, kwa kuwa kadiri wanavyorudi nyuma ndivyo macho yanavyopata nafasi, tena hungoja barabara ipinde kushoto wachungulie kwa ubavu wa ndani. Na kama yupo abiria, yeye ndiye aliyeketi katikati ya barabara, basi hugeuka kuwa utingo, akisema sasa, au bado, kwa dhamana ya roho za watu wawili. Si kila mke wala kila mume huipenda kazi hiyo. Kwenye maegesho yenye mashine ya tikiti dereva aliye peke yake hushuka, huzunguka gari, huchukua karatasi, hurudi, na nyuma yake mtu hupiga honi. Mkono wa kulia ndio unaoshika gia, na mkono huo hujifunza upesi kuliko macho, ambayo kwa muda mrefu hutafuta kioo mahali kisipokuwapo. Mtu ambaye mambo haya yatamkera na ajue sasa, si baada ya kulipa.

Sasa tumwendee muuzaji. Atakupokea kwa chai, na juu ya meza pana faili nene lenye risiti tangu za mwenye gari wa kwanza, na huenda banda lina maboksi ya vipuri alivyovinunua kwa kuhofia kwamba siku moja havitapatikana. Hofu hiyo si ya bure. Vitu vya injini haviadimiki sana, kwani injini hiyo ilifungwa pia katika Fiat Coupé ya 1.8 na jamaa zake walitumika katika magari mengine ya Fiat na Lancia. Lakini taa, bampa, vitasa na vipande vya bodi ni vya gari hili peke yake, na boksi la taa moja nzima latosha kubadili mawazo ya mnunuzi mwenye busara juu ya bei.

Tabia ya mshabiki ambayo wengi huielewa vibaya ni kwamba hutaja ila za gari lake kabla hajaulizwa. Mnunuzi mgeni huuona huo kuwa uaminifu mtupu, na kweli uaminifu umo, walakini imo pia fahari ya mtu anayetaka ijulikane kwamba gari alijua ndani na nje. Ila anazozitaja ni zile alizokwisha zizoea na kuzisamehe. Asizozitaja, wala si kwa hila bali kwa kuwa hazioni kuwa ni ila, ni zile zilizotoka mikononi mwake: springi fupi zilizolilaza gari chini, eksozi inayonguruma, redio iliyounganishwa kwa nyaya za rangi moja, viti vya gari jingine. Kila badiliko la mshabiki ni rai yake juu ya gari, na mnunuzi hana wajibu wa kuilipia rai hiyo. Aulize kwa upole kama vitu vya asili vimehifadhiwa, na vikiwapo aombe viingizwe katika mapatano. Kadhalika asishawishike na jumla ya fedha zilizokwisha tiwa, ambayo muuzaji wa namna hii huijua kwa moyo na huitaja kwa huzuni; fedha hizo zilinunua raha ya miaka iliyopita, na raha hiyo ameila mwenyewe.

Na muuzaji naye anakupima. Atauliza gari litalala wapi, kama utaliendesha wakati wa baridi barabara zinapomwagiwa chumvi, nani atakuwa fundi wako. Maswali haya yasikuudhi. Yajibu kwa kweli, kwa sababu mshabiki aliyemwamini mnunuzi hupunguza bei kwa hiari, na asiyemwamini hukumbuka ghafla kwamba yupo mtu mwingine aliyepiga simu jana. Kulikashifu gari mbele ya mwenyewe ili bei ishuke, desturi ifaayo kwa mfanyabiashara, hapa huharibu kila kitu. Njia iliyo bora ni kuonyesha risiti isiyokuwapo, na kunyamaza.

Risiti iliyo mbele ya zote ni ya mkanda wa taimingi. Injini ya Barchetta ilikuwa ya kwanza kwa Fiat, katika magari yake ya kuuzwa kwa watu wote, kuwa na chombo cha kubadili majira ya kamshafti ya valvu zinazoingiza hewa. Chombo hicho, ambacho mafundi hukiita variatori, hukaa mwishoni mwa kamshafti na huendeshwa kwa shinikizo la oili: oili ikifika, chombo huisogeza kamshafti kidogo, na injini hupata pumzi njema katika mwendo wa chini na wa juu. Kikichakaa, huanza kugongagonga, hasa gari liwakapo baridi kabla ya oili kupanda, na sauti yake ni ile ile ya injini ya dizeli, hata mtu aliyefumba macho angesema kwamba ni teksi imekuja kuchukua abiria. Variatori peke yake haiui injini upesi, lakini hukaa pale pale mkanda ulipo, na kufikia mmoja ni kufikia mwingine; ndiyo maana fundi mwaminifu hubadili vyote kwa pamoja, na puli ya kukazia mkanda na pampu ya maji, kwa kuwa ujira wa kufungua ni mkubwa kuliko bei ya vipuri. Mkanda wenyewe ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni hukutana na valvu, valvu hupinda, na ukarabati wake kwa gari la bei ndogo huweza kufikia bei ya gari. Wanaolijua gari hili hawauachi mkanda uzeeke; wengi huubadili kila baada ya miaka minne au mitano hata kama gari halikwenda mbali, kwani mpira huchakaa hata ukiwa umesimama bandani, na gari la mshabiki, kwa bahati mbaya, hulala bandani sana.

Kwa hiyo mnunuzi amwombe muuzaji mapema, kwa maneno ya staha, asiiwashe injini siku hiyo. Afikapo, jambo la kwanza baada ya salamu ni kuweka kiganja juu ya boneti. Bati likiwa baridi, vyema. Likiwa na vuguvugu, huenda muuzaji amelitoa bandani ili alioshe, nayo ni sababu safi. Hata hivyo mnunuzi asiridhike mpaka amelisikia likiwaka baridi, ijapokuwa kwa kurudi siku nyingine. Kisha boneti ifunguliwe, muuzaji aingie awashe, na watu wanyamaze. Mgongano wa sekunde chache unaotoweka ni onyo la mapema. Ukiendelea mpaka injini ipate joto, variatori imekwisha, na gharama yake iingie katika hesabu. Sikio hilo hilo litasikia jambo la pili, sauti kama ya pumzi itokayo kati ya meno, ambayo huwa kubwa kungali baridi na hupungua chuma kipatapo moto: hiyo ni manifoldi ya eksozi iliyopata ufa, maradhi yanayojulikana katika gari hili, yanayotibika, yasiyomzuia mtu kununua.

Yaliyobaki yaweza kusemwa kwa haraka. Paa ni la turubai, na dirisha lake la nyuma ni la plastiki, ambayo huwa njano na kupasuka kwenye mikunjo, hasa likikunjwa wakati wa baridi. Zulia la sakafuni liinuliwe na kushikwa kwa vidole. Likiwa na unyevu, njia za maji ya paa zimeziba kwa majani, na chini yake huenda kutu imekwisha anza. Kutu ya nje itafutwe chini ya milango, mahali pa kuwekea jeki, ambapo rangi huvunjwa na chuma kila tairi libadilishwapo. Na gari lililoletwa na mtu binafsi kutoka bara la Ulaya litazamwe taa zake: sheria ya Uingereza yataka mwanga wa chini upinde kushoto, taa nyekundu ya nyuma ya ukungu iwe katikati au kulia, na saa ya mwendo isomeke kwa maili. Mengine katika hayo hurekebishwa kwa siku moja. Taa za mbele zaweza kuwa ghali, na kwa gari hili zaweza kutopatikana.

Jaribio la barabarani halina siri kubwa, ila bima ya mnunuzi iwe inamruhusu kuliendesha gari la mtu mwingine, jambo ambalo watu hulidhania tu bila ya kulisoma. Kwa asiyewahi kushika usukani wa kushoto, rai yangu ni kwamba muuzaji aendeshe kwanza. Mnunuzi, akiwa kiti cha kulia, apime vitu viwili kwa wakati mmoja, gari na namna mwenyewe anavyolitendea: kama huipa injini nafasi ya kupata joto kabla ya kuikamua, kama hubadili gia bila ya kuilazimisha, kama huchelewa kushika breki. Mtu hudanganya kwa ulimi kwa urahisi. Kwa mguu wa klachi ni vigumu.

Hati ndizo zitakazokulinda baadaye, kwa kuwa sheria haitakulinda sana. Mwingereza anunuaye kwa mfanyabiashara analindwa na sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, ambayo humpa hata siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro. Anunuaye kwa mtu binafsi hana hifadhi hiyo, isipokuwa kwamba muuzaji awe na haki ya kuuza na gari lifanane na alivyolieleza. Basi maelezo na yaandikwe. Aandike muuzaji katika risiti, kwa mkono wake, tarehe ya mkanda na maili zilizokuwapo, na kwamba halina deni. Na jambo la deni lithibitishwe pia kwa kampuni zinazotoa taarifa hizo kwa ada ndogo, kwani gari lenye mkopo usiolipwa laweza kufuatwa na mdai wake mpaka nyumbani kwako. Ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT huwekwa na serikali katika kumbukumbu tangu mwaka 2005, na yeyote mwenye namba ya gari aweza kuusoma bila malipo: maili za kila mwaka, makosa yaliyoandikwa, maonyo ya kutu. Soma kumbukumbu hiyo kabla ya kufunga safari. Mahali ambapo faili la muuzaji na kumbukumbu ya serikali zinapatana, mtu huyo ni mkweli hata katika yale usiyoweza kuyahakikisha.

Kadi ya gari, yaani V5C, si ithibati ya umiliki, nayo yenyewe imeandika hivyo. Humtaja tu mtu anayelitunza na kuwajibika kwalo. Bei ikiafikiwa, muuzaji hukata kipande cha kijani akampa mnunuzi na kuiarifu idara ya DVLA iliyoko Swansea. Kodi ya barabara haihamii kwa mnunuzi tangu Oktoba 2014, kwa hiyo gari haliruhusiwi kuendeshwa barabarani mpaka mnunuzi ameilipia mwenyewe, jambo la dakika chache kwa simu, ambalo wengi hulisahau katika furaha yao.

Hukumu yangu ni hii. Kati ya Barchetta mbili za bei moja, iliyokimbia maili nyingi mikononi mwa mshabiki mwenye risiti za mkanda na iliyolala miaka chini ya shuka bila ya risiti, chukua ya kwanza. Usukani wa kushoto usiwe hoja ya kupunguza bei, kwa kuwa hakuna Barchetta ya usukani mwingine ya kuilinganisha nayo. Mkanda usio na tarehe ndio hoja. Na ukiamua kulichukua gari lisilo na risiti hiyo, toa katika bei gharama ya mkanda na variatori na pampu, lipandishe juu ya gari la kubebea magari, ulipeleke moja kwa moja kwa fundi.